Bosi Mpya Wodini: Maswali Yenu Kuhusu Grey's Anatomy na Wenzake

Tangu niandike kwamba Miranda Bailey alifanya vyema kuachia ukuu wa upasuaji kwenye Grey's Anatomy, ujumbe haujakatika. Wapo walioniunga mkono, wengi wamenisuta, na wachache wamepata upenyo wa kuwatetea mabosi wa tamthilia nyingine za madaktari. Kwa asiyeijua: Grey's ilianza kurushwa na ABC ya Marekani tarehe 27 Machi 2005, na inahusu madaktari wa upasuaji wa hospitali moja ya Seattle ambayo imeshabadilisha bosi mara nyingi. Nitataja mambo mpaka msimu wa 20, kwa hiyo ambaye bado yuko nyuma na hataki kuharibiwa utamu, tuonane wiki ijayo.

"Nina swali moja tu na limenikaa rohoni tangu 2017. Bailey alipata wapi moyo wa kumfanyia Mzee Webber vile? Mtu aliyemlea!" — Mama wa Kihonda, Morogoro

Mama, hauko peke yako. Kati ya barua zote, hili la Webber ndilo lililoongoza.

Tuwarudishe wenzetu nyuma kidogo. Richard Webber, anayeigizwa na James Pickens Jr., ndiye mkuu wa upasuaji tunayemkuta episodi ya kwanza. Bailey, yaani Chandra Wilson, alipikwa na Webber mpaka akaiva, na mwaka 2015, mwanzo wa msimu wa 12, akakalia kiti hicho hicho. Mzee akabaki na kazi aliyoipenda kuliko zote, ya kusimamia mafunzo ya madaktari wanaosomea ubingwa. Msimu wa 13 analetwa mtaalamu kutoka nje, Eliza Minnick, kuupanga upya mfumo wa mafunzo. Waliomleta ni Bailey na Catherine Avery, bosi wa taasisi yenye hospitali. Catherine huyo ndiye mke wa Webber, wanalala nyumba moja! Mzee akaja kugundua kwamba anayeitwa mshauri wa muda ndiye anayekuja kukalia kiti chake.

Sasa nitasema jambo utakalolichukia. Kwa upande wa mafunzo, Minnick alikuwa na hoja. Mfumo wake ulitaka anayesoma ashike kisu mwenyewe na bingwa arudi nyuma, asimame amtazame. Mwanafunzi anayevuta ngozi kando miaka mitatu huku bosi akikata na kushona hatakuwa bingwa kwa miujiza. Madaktari wa pale waliposusa, waligomea mafunzo bora kwa sababu ya mapenzi yao kwa mzee, na Meredith, mhusika mkuu wa tamthilia, akasimamishwa kazi kwa kukataa kumpisha Minnick thieta. Nafasi yake akapewa daktari mwenzake, April Kepner, ambaye watazamaji walimshukia kana kwamba aliiomba.

Kilichowachoma watu ni namna lilivyofanyika. Hakuna aliyemkalisha mzee chini akamwambia, "Mwalimu, tunafikiria kubadilisha utaratibu, wewe unaonaje?" Kila aliyewahi kuajiriwa anaijua hali ya kurudi likizo ukakuta mtu yuko kwenye meza yako, anakuuliza kwa upole kama una shida gani. Bailey alikuwa na mamlaka ya kuamua alivyoamua. Adabu ndiyo aliyoikosa, na kwa mtu aliyetufundisha misimu kumi na miwili kwamba yeye ni mtu wa adabu, hilo ni kosa kubwa kuliko kukosea upasuaji.

Kuna tukio moja ambalo waandishi walilitumia kummaliza Minnick, nami naliona ndilo bora la msimu ule. Mtoto anafia mezani wakati wa upasuaji. Wazazi wako nje wanasubiri. Minnick, mwenye mfumo wa kila kitu, anaondoka, hawezi kuwakabili. Kazi ya kuwaambia inamwangukia Stephanie Edwards, ambaye bado anasoma. Hapo Webber hahitaji kutetewa na mtu tena, maana kila mtazamaji ameshaona ni somo gani halikuwamo kwenye mfumo mpya. Mwisho wa msimu, Mei 2017, Bailey mwenyewe akamfukuza Minnick, na nadhani watu walipumua zaidi ya walivyopaswa. Mfumo ulikufa na mtu wake, na sijaona kama wanafunzi wa pale walinufaika na kifo hicho.

"Jackson Avery alistahili uenyekiti wa bodi au ni mambo ya mtoto wa fulani?" — Msomaji wa Likoni, Mombasa

Mambo ya mtoto wa fulani. Ndege iliyowabeba madaktari ilianguka mwisho wa msimu wa nane, waathirika wakashinda kesi, fidia ikaifilisi hospitali, nao wakaungana kuinunua. Hela zao hazikutosha. Taasisi ya familia ya Avery ikaongeza sehemu kubwa iliyobaki, na sharti lake likawa kwamba Jackson aiwakilishe mezani. Yule kijana alikuwa amemaliza ubingwa juzi tu. Walionusurika kwenye ndege, mmoja wao akiwa amepoteza mguu, wakajikuta wanamsikiliza mtu ambaye hakupanda.

Ila nimpe haki yake: mwenyewe hakuomba, na alionekana kuona aibu. Watazamaji walimsamehe haraka kuliko walivyomsamehe mama yake, ambaye ni yule yule Catherine. Na kama hujui, Debbie Allen anayemwigiza huyo mama ni mmoja wa wazalishaji watendaji wa tamthilia yenyewe na ameongoza episodi nyingi. Kwa hiyo mwanamke anayewapangia madaktari kazi kwenye runinga, kamera ikizimwa anaendelea kuwapangia.

"Tangu Shonda aondoke imekuwa takataka. Kubali tu." — Kaka wa Sinza, Dar es Salaam

Sikubali yote, kaka.

Shonda Rhimes, aliyeibuni Grey's, alisaini mkataba na Netflix Agosti 2017. Mwaka huo huo usukani wa waandishi ukashikwa na Krista Vernoff. Sasa Vernoff hakuokotwa njiani: aliandika Grey's tangu msimu wa kwanza, akaondoka baada ya msimu wa saba, akarudi kuongoza wa 14. Wengi wanaomlaani kama mgeni aliyeiharibu nyumba wanasahau kwamba misimu wanayoililia yeye ni mmoja wa walioiandika.

Alifanya mambo mazuri. Msimu wa 14 ulirudisha utani ambao ulikuwa umekauka tangu Derek, mume wa Meredith, afe Aprili 2015. Alimrudisha Teddy Altman, daktari wa zamani wa pale. Wakati wa korona, kwenye msimu wa 17, alimlaza Meredith hoi na kumkutanisha ndotoni, ufukweni, na marehemu mumewe. Watu walilia, nami sitasema kama nilikuwa miongoni mwao.

Alifanya pia mambo yaliyowaudhi watu kwa haki. Machi 2018 ilitangazwa kwamba madaktari Arizona na April wanaondolewa, wote wawili kwa mpigo. Hapo hasira ilipita nyumba isiyo yake. Ellen Pompeo, anayemwigiza Meredith, alikuwa ametangaziwa mkataba mnono wa zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka wiki chache kabla, na baadhi ya watazamaji wakaamua kwamba mshahara wake ndio uliowamwagia wenzake unga. Pompeo akalazimika kujitetea hadharani, ingawa Vernoff alishasema uamuzi ulitokana na hadithi. Huu ni mtindo wa watazamaji wote duniani, na sisi tumo: bosi asiyeonekana anaamua, tunamshambulia mwenye sura.

Vernoff aliondoka baada ya msimu wa 19, na wa 20 ukaanza Machi 2024 chini ya Meg Marinis, aliyekulia humo humo kutoka kuwa msaidizi wa waandishi. Mgomo wa waandishi wa Hollywood wa 2023 ulimwachia episodi kumi tu za kuanzia. Jambo la mapema alilofanya ni kumleta Arizona kwa ziara. Mwenye kuingia ofisi mpya akaanza kwa kumwalika aliyefukuzwa na mtangulizi wake, huyo anajua siasa.

Kuhusu takataka: misimu ya 16 na 19 ina episodi ambazo hata mimi nilizitazama huku nakunja nguo. Lakini hata enzi za Shonda tulipewa daktari Izzie anayefanya mapenzi na mzimu. Tusisahau.

"Shikamoo mwandishi. Mimi nasoma udaktari mwaka wa tatu. Kwa nini kila mtu alifurahi Alex Karev alipokuwa kaimu mkuu wakati alikuwa mtu mbaya kuliko wote?" — Mwanafunzi, Mbeya

Marahaba mwanangu. Jibu limo ndani ya swali.

Alex wa msimu wa kwanza alikuwa mkorofi, mchafu wa mdomo, anabandika picha za chupi za mwenzake ukutani ili kumdhalilisha. Kisha tukamwona mwaka hadi mwaka akifokewa, akifeli mitihani, akiokota watoto wachanga wasio na wa kuwashika na kuwalaza kifuani pake. Msimu wa 15 Bailey anahitaji kupumzika; mwaka huo huo alikuwa amepata mshtuko wa moyo. Anawapita wote wenye majina, anamkabidhi daktari wa watoto. Mtazamaji hakuhitaji kusomewa wasifu wake, alikuwa anaujua kwa kichwa.

Mlinganishe na Minnick aliyefika na sifa zote na hatukuwahi kumwona akikosea akiwa mdogo. Nadhani siri ya mabosi wote wa tamthilia hizi iko hapo. Tunamkubali tuliyemwona akisuguliwa. Na ndiyo sababu Alex alipoondoka kwa barua tu, Machi 2020, akimwacha mkewe Jo na kwenda Kansas kwa Izzie na mapacha ambao hatukuwa na habari nao, watu waliona wameibiwa. Justin Chambers alikuwa ameshaacha kazi, ikabidi tusikie sauti yake juu ya picha za zamani. Miaka 15 ya kumlea mtu, unaagwa kwa bahasha.

"Mimi ni muuguzi wa thieta. Hawa wakuu wa upasuaji wa kwenye runinga mbona hawana kazi? Wanapita tu kwenye korido na kulia kwenye lifti." — Dodoma

Dada, hapo umegusa penyewe. Wewe unajua kuliko mimi, lakini kwa faida ya wengine: mkuu wa idara ya upasuaji, kwao na kwetu, sehemu kubwa ya siku yake ni makaratasi. Nani yuko zamu, nani yuko likizo. Orodha ya wagonjwa wa kesho na thieta ipi ina mashine ya usingizi inayofanya kazi. Kikao cha kujadili vifo na matatizo yaliyotokea, ambako kila mtu anatazama meza. Malalamiko ya ndugu wa mgonjwa. Bajeti ya nyuzi. Kisu anakishika siku chache.

Grey's huligusa hilo mara moja moja, na ikiligusa huwa nzuri. Msimu wa 12 Ben, mume wa Bailey, anampasua mama mjamzito palepale kwenye korido kwa sababu hospitali imefungwa kwa dharura na lifti hazifanyi kazi. Mama na mtoto wanakufa. Bailey kama mkuu anaitisha kikao, anawasikiliza mashahidi, kisha anamsimamisha mumewe miezi sita na wanarudi kulala nyumba moja. Hakuna mlipuko wala mafuriko, ni watu wamekaa chumbani wakibishana kama mlango wa lifti ulifunguka au haukufunguka. Kwangu hiyo ndiyo wiki Bailey alipokuwa mkuu kweli.

Wanapodanganya wazi ni saa za kazi. Siku ya kwanza kabisa, Bailey anawaambia watarajali wake kwamba zamu yao inachukua saa 48. Marekani tangu 2003 madaktari wanaosoma wamewekewa ukomo wa saa 80 kwa wiki na kuzuiwa kupiga zamu ndefu namna hiyo mfululizo, na hadithi ilianza 2005. Mkuu wa idara halisi angeitwa kujieleza. Msomaji mwingine, yeye wa Nakuru, ananikumbusha kwamba wiki ambayo msimu wa 20 ulianza, katikati ya Machi 2024, madaktari wa Kenya waligoma, moja ya madai makubwa likiwa ni madaktari wanagenzi na malipo yao, na mgomo ule ulikwisha Mei 8. Anauliza kwa nini wa Seattle hawagomi. Wangegoma, kaka, nani angeanguka mapenzini ndani ya stoo?

"Nani bosi aliyechukiwa kuliko wote kwenye tamthilia za hospitali?" — Msomaji wa Bujumbura

Robert Romano wa ER, bila kura. ER ilirushwa kati ya 1994 na 2009, na Romano, aliyeigizwa na Paul McCrane, alikuwa bingwa wa kisu mwenye ulimi wa pilipili: mbaguzi, mdharau wanawake, mpenda kuwaaibisha watu mbele ya wagonjwa. Mwanzo wa msimu wa tisa yuko juu ya paa la hospitali, pangaboi la nyuma la helikopta linamkata mkono. Mkono unapandikizwa, hauponi, mwishowe unaondolewa. Msimu uliofuata, Novemba 2003, anaona helikopta, anapata kiwewe, anakimbilia nje chini, na helikopta inayowaka inamwangukia kutoka juu ya paa.

Wapo waliocheka. Mimi naona waandishi walimwonea. Ukishamnyang'anya daktari wa upasuaji mkono wake, umefungua hadithi nzuri kuliko zote: mtu mwenye kiburi cha mikono yake anajifunza kuishi bila mmoja, na bado ni bosi. Wakaidondoshea helikopta.

"Foreman kuwa bosi wa House, ulilionaje? Mimi lilinishinda nikaacha." — Msomaji, Muscat

Uliacha mapema mno. Kwa asiyeijua, House ni tamthilia yenye jina la daktari wake mkuu. Lisa Edelstein, aliyeigiza Cuddy mkuu wa hospitali, aliondoka 2011 baada ya msimu wa saba, na kuondoka kwake hakukupewa hata kwaheri ya maana. House alikuwa ameendesha gari mpaka ndani ya chumba cha Cuddy cha kulia chakula, msimu ukaisha. Oktoba mwaka huo tunakuta House yuko jela na Foreman, aliyekuwa chini yake miaka yote, ndiye bosi anayemtoa kwa masharti.

Hasira ya watazamaji ilikuwa ya kumkosa Cuddy, ikamwangukia Foreman. Mwenyewe alifanya kazi ngumu: kumwongoza aliyekufundisha kazi, anayejua udhaifu wako wote, na ambaye hutaki kufanana naye ingawa mnafanana. Omar Epps aliigiza hilo kwa utulivu mwingi, pengine mwingi kupita kiasi kwa tamthilia iliyozoea kelele. Rudi, ni episodi 22 tu.

"Uliandika Bailey alifanya vyema kuachia ngazi. Alimtelekezea Meredith mzigo dakika za mwisho na wewe unasifu?" — Dada wa Njiro, Arusha

Nasifu uamuzi. Namna yake sijaisifu. Mei 2022, kwenye episodi ya 400, mafunzo yamesimamishwa, damu imeisha hospitalini, na Bailey anachukua vitu vyake na kumwambia Meredith, ambaye alikuwa mbioni kuhamia Minnesota na mpenzi wake, kwamba sasa ofisi ni yake. Ni ukatili, nakubali. Lakini mwanamke yule alikuwa amepita kwenye mshtuko wa moyo, korona iliyomuua mama yake, na wafanyakazi wanaokimbia mmoja mmoja. Nimewaona wakuu wa idara halisi wanaoshikilia kiti wakiwa hoi kuliko yeye na tunawaita mashujaa mpaka siku ya maziko.

Meredith mwenyewe hakukaa. Pompeo alikuwa amepunguza kazi msimu wa 19, na Februari 2023 Meredith akahamia Boston kwenye utafiti wa Alzheimer. Kiti kikaenda kwa Teddy, na hapa ndipo barua zenu zilipaswa kuwa kali. Msimu mmoja nyuma Teddy alipanda ndege na mumewe Owen na watoto kuukimbia mkono wa sheria. Miezi michache, ni mkuu wa upasuaji! Mbona hamkusema kitu? Kwa sababu mnampenda. Owen ndiye aliyewahi kuwa mkuu na kumfukuza Teddy, enzi hizo, ili tu aende kwenye kazi kubwa zaidi aliyokuwa anaikataa kwa huruma. Mnaikumbuka siku ile, na Teddy kumrudi Owen akiwa bosi wake mliiona ni deni lililolipwa.

Bailey akarudi kufundisha watarajali, kazi aliyoianza nayo. Msimu wa 20 anawafokea kina Simone na Lucas vilevile alivyowafokea Meredith na wenzake, ila sasa amekuwa mwepesi wa kucheka, na usiku anakwenda nyumbani.